Jedwali la Pili

Kwanza kabisa, ukungu.
Kwenye mkate uliosahauliwa, ukungu.
Juu ya mto Ner alfajiri, ukungu.
Na katika picha ya kifua cha marehemu,
daktari anaponyoosha kalamu na kusema, "Hapa, unaona?"
ni ukungu vilevile.
Lugha haikuona haja ya neno jingine.

Mimi si tabibu. Ni karani wa takwimu,
ghorofa ya tatu, hospitali kongwe ya Łódź,
na Novemba hii nimepewa mafaili mia na sita
ya watu walioshikwa na kichomi cha kuvu
kinga zao zikiwa zimelala.
Aliyekufa naandika moja, aliyepona sifuri.
Nilidhani ingekuwa kinyume.

Daktari Jagoda anataka kujua kilichowaua.
Umri. Siku ngapi bila chembe nyeupe.
Steroidi, miligramu ngapi, wiki ngapi.
Nani aliwekewa mashine ya kupumulia, na lini.
Nami najaza, najaza,
mpaka naona safu hata kwenye vigae vya msalani.

Seweryn Klimczak, fundi saa, sabini na mmoja.
Figo la dada yake liliingia kama mgeni wa heshima;
walinzi wakaambiwa walale, wasije wakamfukuza.
Wakalala.
Mgeni wa pili hakupiga hodi.
Alikuja na vumbi la paa la mrengo wa mashariki
ambalo mafundi wanalibomoa tangu Agosti,
chembe ndogo kuliko unga,
nyepesi kuliko pole ya mpita njia.
Nikauliza mbona vumbi halina safu.
"Wote walilivuta," akasema Jagoda,
"halitofautishi mtu na mtu."

Chelewa chelewa: jedwali halijui msemo huo.
Linajua "dawa ya kuvu, siku ya sita au baadaye".
Ndani ya siku hizo sita kuna antibiotiki ya kwanza,
kisha ya pili, kisha Jumapili,
na watu wazima wanne wamesimama kando ya kitanda
wakingoja homa ione aibu, ishuke.

Halafu yupo Gniewko, miaka kumi na tisa,
uboho wa kuazima, siku thelathini na nne bila kinga,
mashine, steroidi, damu kwenye kikohozi,
kila kisanduku kina alama.
Kwa hesabu zangu alipaswa kufa mara mbili.
Sifuri.
Jumanne alikuja kuchukua koti alilolisahau,
akapanda ngazi kwa miguu, akihema kama mbwa, akicheka.

Na Bogumiła Wrzos, mwokaji, hamsini na miwili.
Miaka thelathini ya mkate mweusi wa chachu;
kuvu aliijua kwa pua kabla ya jicho.
Doa likiota, aliwaambia wateja, usilikate.
Tupa mkate wote, mizizi huioni.
Alimeza vidonge vya baridi yabisi, dozi ndogo.
Hakuwa na lukemia, hakuwa mzee.
Alikohoa usiku tisa mbele ya tanuri
kwa sababu msaidizi wake alikwenda kuoa.
Alhamisi akaletwa. Jumamosi, moja.

Lakini faili lake lina pengo:
albumini haikupimwa, chupa ilivunjika njiani.
Na kanuni, Jagoda alinieleza taratibu,
akitazama dirisha na si mimi,
ni kwamba mstari wenye pengo hutolewa.
Basi mafaili mia na tano.
Bogumiła hakufa. Hakupona pia.
Kompyuta iliniuliza kama nina hakika.
Nikabonyeza ndiyo, maana ndiyo kazi.

Jioni nilipitia dukani kwake.
Yule msaidizi, pete mpya kidoleni,
akaniuzia mkate ulioungua upande mmoja.
Niliula kidogo kidogo, bila hamu.
Siku ya tano doa la kijani likaota ukingoni,
dogo, laini, kama kitu kisicho na nia mbaya.
Nikachukua kisu.
Nikakirudisha.