Miguu ya Korongo

Saa kumi na moja alfajiri tumejipanga darajani
kama foleni ya mafuta ya taa:
Wakorea wawili, Mjerumani mwenye ndevu zilizoganda,
mimi, na kamera zetu juu ya miguu yao ya chuma.
Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Betri nimeibana kwapani
kama kipimajoto cha mgonjwa.

Mto wa huku Hokkaido umekataa kuganda.
Unafuka usiku kucha kama sufuria iliyosahauliwa,
na mvuke wake huishika miti, huivika sakitu
hadi kijiti cha mwisho.
Chini, katikati ya maji, korongo wamelala wima,
mguu mmoja mtoni, mwingine umekunjwa manyoyani.
Mtu akikohoa anatazamwa kama mwizi.

Kisha jua likachungulia, na sote kwa pamoja
tukalipuka kama bisi kikaangoni.

Usiku, katika nyumba ya wageni ya Bi Sadae,
nilikaa karibu na jiko nikichambua.
Mimi kwenye kuchambua sina huruma.
Aliyefumba jicho, futa. Bawa limekatwa, futa.
Miguu mitupu bila mwenyewe, futa, futa.
Elfu mbili na mia tatu; nikabakiza kumi na tisa,
zote za kutundikwa ukutani.

Bi Sadae akaleta chai na figili za siki,
akazitazama zile kumi na tisa moja moja,
akainamisha kichwa kwa heshima, akasema neno.
Mpwa wake Kiyomi akalitafsiri:
"Anauliza, miguu iko wapi?"

Ndipo nikaelezwa. Aliolewa humu wakati korongo
ungewahesabu wote kabla chai haijapoa.
Mkwewe alikuwa akiwamwagia mahindi kwenye theluji;
mkwe akafa, yeye akarithi ndoo.
Kiangazi kimoja watu wa ndege walikuja kuwavisha makinda pete,
na mmoja alimshika yeye, kichwa kimefunikwa taulo,
moyo ukidunda kiganjani kama saa iliyoharibika.
Mia moja na sita. Miaka ishirini na minne sasa.
Kila Novemba huja, husimama kando ya wenzake
penye nguzo ile iliyoinama, hasukumani na mtu.
Mwaka huu Novemba imepita, Desemba imepita,
na macho ya Bi Sadae yameingia ukungu;
pete hazisomi tena.
"Ninyi mna macho marefu," alisema.

Nikaitazama kadi yangu, safi kama sahani iliyorambwa.
Nikaeleza. Kiyomi alikawia kutafsiri.

Asubuhi sikwenda darajani.
Nililala kifudifudi pembeni mwa shamba la bibi,
lenzi imeinama. Juu yangu korongo wakaanza kucheza:
wakaruka, wakainamiana, wakarusha vijiti hewani,
na Mjerumani, nyuma ya uzio, nusura alie.
"Umeangusha nini?" akaniuliza kwa ishara.
Mimi na magoti meusi, magamba, makucha,
mia themanini na moja, mia mbili na kumi, tisini na tatu,
asiye na pete, asiye na pete,
asiye na pete.
Na mmoja, penye nguzo iliyoinama,
pete yake imemezwa na barafu.

Jioni Bi Sadae alichukua kioo cha kukuzia,
akaisogelea skrini hadi pumzi yake ikaiziba.
Akapangusa kwa mkono wa sweta. Akatazama tena.
Nilijua hakuna tarakimu pale, ni weupe mtupu.
Kiyomi naye alijua.

"Anasema, huenda."
Bibi alikuwa ameshainuka, anavaa viatu vya mpira,
na kule ghalani tukasikia mahindi yakimiminwa ndooni,
yakimiminwa, yakipita kipimo.