Mayi

Barua ya Mama Mkuu imefika na basi la Jumanne,
imekunjwa mara nne, inanuka dizeli:
Pasaka ikipita, rudi nyumbani.
Nimehesabu kwa vidole. Wiki sita.
Nimehesabu tena, kana kwamba vidole vingeongezeka.

Nyumbani ni Bukavu, kwenye miteremko inayoteleza,
ambako mvua haiombwi, inaingia tu kama jamaa asiye na haya,
inakaa siku tatu, inakula kila kitu.
Hapa Handali nimejifunza kuiombea,
kwa novena, kwa maandamano, kwa magoti;
nikajifunza pia kulitazama wingu likipita juu ya kanisa
kwenda kunyesha Mpwapwa.
Watu hawakunilaumu.
Hilo ndilo liliniuma.

Mwaka wa kwanza nilibisha hodi kwa Mama Nyendo,
jua la Oktoba limenikausha hadi ulimi,
nikasema kwa Kiswahili cha kwetu: Naomba mayi.
Akanitazama. Akaingia ndani ya tembe.
Akatoka na mayai mawili kiganjani,
yangali na joto la kuku.
Maji hayakuwamo mle siku ile; ndoo ilikuwa kisimani
ikisubiri zamu tangu alfajiri,
lakini hilo hakulisema.
Nilikuwa nimekuja kumfundisha ukarimu:
katekesi, somo la tatu, ukurasa wa kumi na moja.

Miaka kumi na tisa.
Kwenye daftari la ubatizo nimeandika majina mia nne na ushei,
wino wa bluu, halafu mweusi, duka lilipoishiwa bluu.
Mengine nimeyawekea msalaba mdogo pembeni:
Ndahani, surua.
Pacha wa Matika, sikuujua hata ugonjwa.
Chidawali, aliyefukiwa na kisima
tulichokichimba sisi, kwa fedha za parokia.
Wanasema mtumishi asihesabu mavuno.
Mimi nahesabu. Usiku, taa imezimwa, nahesabu.

Sijui niliwaletea nini. Mungu walikuwa naye,
walimwita Mulungu kabla babu yangu hajavaa suruali.
Nilileta dawa ya macho, cherehani moja, na ubishi.
Wao wakanipa mlenda, ulioniponyoka vidoleni
kama sala ya mtu mwenye usingizi;
wakanipa salamu ndefu, mbukwenyi,
na baada ya mbukwenyi ng'ombe, na uwele, na mlilalaje,
mpaka nikasahau kilichonileta.
Labda hicho ndicho kilichonileta.

Jana amefika atakayeshika funguo,
Sista Valeriana, wa Kigoma, viatu vyake bado vyeusi.
Nimemwonyesha pampu inayokwama (teke moja, upande wa kushoto),
kabati lenye mchwa, mbwa anayebweka bure.
Akauliza, "Watu wa hapa wakoje?"
Nikafungua mdomo.
Upepo ukaleta vumbi, nikaufunga.

Na leo asubuhi Mama Nyendo,
macho yake yana ukungu sasa, anapapasa njia kwa fimbo,
dumu la lita tano kichwani, limejaa.
Amelitua mlangoni.
"Mayi," akasema, kwa lafudhi ya kwetu kabisa,
Bukavu nzima imo mdomoni mwake.
Tukacheka mpaka akashika ukuta.
Kisha nikawasikia wajukuu wake nje ya uzio,
wakigombania kikombe, mayi, mayi,
bila utani wowote,
kama neno walilolikuta duniani.

Huko niendako nitaomba maji,
na ile "ji" nzito ya Handali,
na dada zangu watanitazama,
mmoja ataingia ndani asijue alete nini.

Dumu liko chini ya kitanda.
Yana chumvi kidogo, kama yalivyo yote ya hapa.
Lita tano, wiki sita.
Nakunywa kwa kifuniko.