Vitundu

Kofia ya Makange ina vitundu mia sita na kumi na viwili.
Najua kwa sababu nimevihesabu,
na kwa sababu kuanzia cha mia mbili
vinaanza kulewa.

Zamani kofia kama hii ilinichukua wiki tatu,
huku nachambua mchele na kugombana na redio.
Huu mwezi wa pili na bado upande wa kisogoni.
Uzi unajua sindano iliko,
sindano inajua kitambaa,
ni vidole vyangu tu visivyojuana.

Kidonge chenyewe ni zambarau iliyopauka,
kama kanga ya kufulia.
Kimoja alfajiri, kimoja baada ya isha.
Kimenipa mwili ambao sikuuagiza:
pete ya ndoa imehamia kwenye uzi shingoni,
na nywele, ambazo mama alizisuka akilalamikia wingi wake,
zinabaki kwenye kitana
kama katani iliyoanikwa kwenye waya kule Pongwe.

Na huku kutetema.
Mbele ya wageni chai naijaza nusu kikombe.

Jumatatu nilikwenda Bombo, nikakalia benchi tangu saa moja.
Daktari Mhando hakunitazama uso, alitazama mikono.
Akasema, tunaweza kupunguza.
Akasema, lakini.
Hiyo lakini akaiacha pale mezani
nikaichukua mwenyewe.

Nikarudi kwa miguu hadi Barabara ya Kumi na Nne,
baiskeli zikinipita kulia na kushoto, kengele juu ya kengele,
nami napima.
Upande huu kofia, pete, nywele,
usingizi mzito kama gunia la machungwa ya Muheza.
Upande ule siku mia tatu thelathini na nne.

Siku mia tatu thelathini na nne sijaanguka.

Wapo watakaosema kutoanguka si kitu.
Hao hawajaamka sakafuni na ladha ya damu
wakawauliza walio juu yao, leo siku gani?
Hawajamwona Salha wangu, miaka tisa wakati ule,
akinilaza ubavu, akiniondolea miwani,
akihesabu kwa sauti kama anayeruka kamba.
Hawana mkono huu wa kushoto
uliopikwa pamoja na maharage
siku nilipoliangukia jiko.
Majirani walisimama mlangoni, wanaogopa povu.
Salha hakuogopa.
Ndilo linaloniuma hadi leo:
alikuwa amezoea.

Sasa analala chumba cha pili, na mlango anafunga.
Juzi alikwenda Korogwe kwa shangazi yake, siku nne,
akasahau kunipigia simu.
Akasahau!
Nikakaa na sahani ya wali, nacheka peke yangu,
punje zinamwagika kwenye kijiko.

Lakini msije mkadhani nimeipenda.
Usiku mmoja wa Machi nilikishika kiganjani
nikakiambia: umenilinda, na umenila.
Nikakirusha dirishani.
Dakika kumi baadaye nilikuwa nje na tochi,
magoti mchangani, bata wa Bi Mwanamvita wananizomea.
Nikakipata karibu na karo.
Nikakipuliza. Nikameza bila maji.

Jana Makange alikuja kutazama kofia yake.
Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole
pale penye ulevi, akanyamaza.
Kisha akasema harusi imesogezwa mbele,
Pangani kwao kuna msiba.
Sijui kama ni kweli kuna msiba.

Tarehe kumi na nane narudi Bombo.
Huenda nikasema punguza.
Huenda nikasema acha kama ilivyo.
Vimebaki vitundu arobaini na kitu.
Ng'ambo ya ukuta Salha anakoroma, mdomo wazi bila shaka,
kama mtu asiye na zamu.

Isha imepita.
Maji nusu kikombe,
mikono miwili.