Ukoga

Saa kumi na moja alfajiri, Kaptembwo haijapiga hata mwayo,
sindano ya geji imekaa kwenye saba.
Jana ilikuwa sita. Mwezi jana, nne na nusu.
Sihitaji daftari kuniambia:
mtungi wa lita ishirini uliojaa nikihesabu mia
sasa unajaa nikiwa nimemaliza mia mbili, na uji wangu.

Meneja Kiragu kapiga simu: "Ongeza pampu."
Pampu, pampu.
Aliyekabwa koo humshindilii ugali.

Nafunga vali. Nayatuliza maji ya kisima
yatokayo chini ya Menengai, mlima uliolala na jiko lake,
matamu mdomoni, mabaya mfupani.
Ndani ya bomba jeupe kuna kiwambo kilichoviringwa kama mkeka,
vitundu vyake havionwi na jicho la mtu;
kinaruhusu maji, kinakataza floraidi,
na kila kinachokatazwa hukaa mlangoni:
chokaa, mchanga ulioyeyuka,
utelezi wa vijidudu waliojenga bila kibali.
Alindaye mlango ndiye mwenye vumbi.

Napasha ndoo, vuguvugu ya kuogeshea mtoto.
Kwanza asidi ya limau, kwa chokaa.
Kisha magadi makali, kwa hao wenye ute.
Sisugui. Fundi Oluchina alinifunza
kabla hajastaafu kwenda kwao Khwisero:
"Loweka, zungusha, ngoja. Mwenye haraka hutoboa."
Nangoja.
Maji ya kwanza yanatoka rangi ya chai ya maziwa,
ya pili kama yaliyooshea mchele,
ya tatu, naiona bangili yangu chini ya ndoo.

Sindano yashuka. Tano.
Haishuki tena.
Uchafu uliobaki umeingia kwenye uzi wenyewe,
na huo hauna limau.

Naujua. Nimekulia Lanet, nikinywa kisima miaka kumi na miwili;
mkaa, chumvi, ndimu, majivu,
nilisugua hadi fizi zikatoka damu,
mama akidhani ni uvivu, mwalimu akidhani ni ukoga.
Si ukoga. Ukoga huosheka.
Kwenye picha zote nimefumba mdomo,
hata ya harusi.

Saa moja. Mitungi imepanga foleni, ya njano, ya bluu.
Chemeli wangu kapitia hapa kabla ya shule,
anionyeshe pengo, na ncha ya jino jipya.
Namgeuzia taa.
"Mama, mbona unaangalia sana?"
"Panua zaidi."
Nyuma yangu pampu inanguruma: tano,
tano na kidogo.