Mgao wa Tatu

Kwetu Wete jina ni ngazi ya vipago vitatu:
wewe, baba, babu.
Akizaliwa mtoto chini, wa juu hudondoka
na hakuna wa kumwokota.
Basi hili letu limeganda vipi
kama kupe sikioni mwa ng'ombe?
Mize Shaame Mgao.
"Mgao gani, wa umeme?" akaniuliza karani wa vitambulisho,
foleni nzima ikacheka.
Hata mimi nilicheka.

Shangazi Bikombo ana jibu lake, halijabadilika tangu niko chuoni:
babu yake alikuwa na mikarafuu hadi mtoni,
akiwagawia majirani pishi kwa pishi, pasi na daftari.
Mtu wa kugawa. Ndiyo asili, basi, kunywa uji.

Nikavuka hadi Unguja, nikapanda Kilimani,
kwenye nyumba ya nyaraka, kiyoyozi kikivuja jasho kuliko mimi.
Sensa ya thelathini na moja: Kheri Mgawo, Mswahili, mchumaji.
Ya arubaini na nane: Kheri Mgao, Mshirazi, mkulima.
Mtu yule yule, kiambo kile kile cha Mtambwe,
kabila tu limebadilishwa, kama kanzu ya Idi.
Wake: wawili.
Watoto wa kike: vistari vinne vya wino, havina majina.
Kimoja kimepinda kidogo.
Nikakiwekea kidole: huyu ndiye shangazi,
aliyenisuka nywele hadi macho yakanipanda.

Nikarudi nyuma, nyuma tena,
hadi hesabu ya watu wa mashamba, mwandiko umelala kwa uchovu:
*Feruzi. Baba:* kisha mstari mtupu.
*Wa mgao.*
Wa mgao upi?
Mtunza nyaraka akaniangalia, akavua miwani,
akaniletea jalada la mirathi bila ya kuombwa mara mbili.

Mchwa wamekula jina la marehemu
wakaiacha mali yake nzima.
Mgao wa kwanza. Mgao wa pili.
Mgao wa tatu: mikarafuu arubaini,
sinia la shaba, ng'ombe na ndama wake,
Feruzi.

Ndama kaandikwa na mamaye.

Nilikaa hadi wakafunga madirisha.

Nyumbani nilimkuta shangazi ametandika jamvi, anachambua.
Nikakaa upande wa pili, nikatia mikono.
"Umemwona babu?"
"Nimemwona."
"Alikuwa akigawa?"
Fomu ya kitambulisho imo mkobani, nafasi ya tatu tupu.
Harufu ya karafuu mbichi ilinishika kooni.
"Alikuwemo katika mgao," nikasema.

Akatenga makonyo huku, karafuu kule,
vidole vyake havikukosea hata kimoja.
"Si ndivyo ninavyokwambia siku zote?" akasema,
na hakuniangalia.