Msipige, Andikeni

Namba ile ilichorwa kwa rangi ya bluu
ukutani mwa zahanati, na juu yake: PIGA.
Fundi rangi hakumfikiria mtu kama mimi.

Usiku wa zamu yetu ya maji, Hombolo,
Chedego alikanyaga kifutu katikati ya mizabibu.
Yowe, kama lilikuwepo, lilinipita.
Niliona tochi ikianguka,
mwanga wake ukalala chini, haukuinuka.

Nikaandika kwa kidole chenye tope:
*Kijana kaumwa na nyoka. Mguu unavimba.
Mimi kiziwi. Msipige. Andikeni.*

Simu ikatetemeka kiganjani kama kifaranga.
Wamepiga.
Nikakata. Wakapiga.
Nikamwekea Chedego sikioni, akatapika.
Nikakata tena.
*MSIPIGE*, kwa herufi kubwa,
mimi ambaye sijawahi kumfokea mtu.

Ng'ambo ya bwawa mnara unakonyeza taa yake nyekundu
kama mtu anayejua jambo na hasemi.
Chaji asilimia nne.

Kisha neno moja:
*Wapi?*

Ee, wapi. Mtaa wetu hauna jina.
Nyumba hazina namba, zina eksi nyekundu
tuliyoachiwa na wapima barabara.
*Mkivuka tuta la bwawa shikeni kushoto.
Mashine ya kusaga ya Mbeleje, ile iliyofungwa.
Shamba lenye uzio wa minyaa.
Nitawasha moto.*

*Asitembee. Mguu msiufunge. Tunakuja.*
Hapo ikazima.

Nikachoma matawi tuliyopogoa msimu uliopita,
kisha jamvi, kisha kigoda cha mama yake.
Kwenye mwanga nikaisoma midomo ya Chedego:
wamesemaje?
Nikamwonyesha kioo cheusi, nikatikisa kichwa: ndiyo,
ndiyo, ndiyo,
mpaka shingo ikauma.

Watu wanasema king'ora kilisikika tangu tutani,
mbwa wote wakakiitikia.
Mimi niliona majani ya mizabibu
yakiwa ya bluu, yakiwa mekundu, yakiwa ya bluu.

Asubuhi nikachaji kwa Ndahani, shilingi mia tatu.
Zikaingia kwa mkupuo taarifa za simu saba
nilizopigiwa nikiwa gizani,
na nyuma yake ujumbe, namba nisiyoijua:

*Amekunywa uji. Anakuulizia.
Samahani kwa kupiga.*