Sentimita Arobaini

Njia ya mbao imefika mpakani,
ili wageni wasikanyage majani ya matuta.
Kwetu Estonia tumetumia skrubu,
kwao Latvia misumari,
na kati ya ubao wao na ubao wetu
pamebaki mwanya: sentimita arobaini
zisizokuwamo kwenye bajeti ya yeyote.

Mimi ndiye kiongozi wa mradi. Nimeandika barua tisa.
Velta, mwenzangu wa ng'ambo, kaandika kumi na moja,
kisha akanipigia simu, akicheka kwa uchovu:
"Urve, bahari yenyewe haikuomba kibali."

Wageni wanaruka. Watoto wanarudi kuruka tena.
Bibi mmoja kutoka Tampere alisimama, akatazama chini,
akavua viatu, akapita mchangani
kana kwamba sisi sote ni wapumbavu.

Mwezi Mei wakaguzi wakaja na futi zao.
Wakapiga magoti, wote watatu, makoti yakiburura;
na humo mwanyani, juu ya changarawe,
kitwitwi alikuwa ameatamia,
mkia Latvia, mdomo Estonia,
akitukazia macho kama karani mwenye foleni ndefu.

Hakuna aliyesema neno. Upepo wa Baltiki
ukapekua karatasi zetu, kurasa mbilimbili.
Velta akachomoa kalamu,
akalikata neno "kasoro",
juu yake akaandika "makazi".

Nami, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu,
nikatia sahihi bila kusoma.